Tusipime kahawa kwa gunia

Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni

Ndugu msikilizaji, mazungumzo yetu ya juma hili yanahusu muziki, na hasa yanahusu albamu moja ambayo wengi wa wanaoibishania hawajakaa wakaisikiliza. Albamu hiyo inaitwa Poaa. Mwenye kazi ni kijana wa Dar es Salaam ajulikanaye kwa jina la Bamba Pana, na ilitolewa mwaka 2018 na kampuni ya Nyege Nyege Tapes yenye makao yake Kampala, Uganda. Ni albamu yake ya kwanza, na ni ya singeli.

Pengine utauliza: albamu ya mwaka 2018, kulikoni kuizungumza leo? Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba kila mwezi Desemba watoto wetu wanapopanda kutoka Dar es Salaam kuja kula Krismasi nyumbani, muziki huu hupanda nao. Unasikika stendi Moshi mjini, unasikika kwenye daladala za Kiboriloni na Marangu, unasikika hata vihambani, katikati ya migomba. Na kila unaposikika, ubishi huanza upya. Sababu ya pili ni kwamba Poaa haikubaki peke yake. Mwaka 2019 alifuata Jay Mitta na Tatizo Pesa, na mwaka huohuo Duke akatoa Uingizaji Hewa. Mwaka 2022 akaja DJ Travella, kijana mdogo kabisa, na Mr Mixondo. Kwa hiyo hukumu tunayoitoa juu ya Poaa ndiyo tunayoitoa juu yao wote.

Kwanza tuelewane juu ya kinachobishaniwa. Singeli ni muziki uliozaliwa katika mitaa ya watu wa kipato cha chini jijini Dar es Salaam: Manzese, Tandale, Mburahati na kwingineko. Mizizi yake imo katika mchiriku, ule muziki wa vinanda vidogo vya betri na ngoma, na imo katika vipande vya taarab vilivyokatwa, vikarudiwarudiwa na kukimbizwa. Mbio zake ndizo sifa yake. Mapigo yake hupita 200 kwa dakika bila taabu. Wengi wetu tumewajua waimbaji wake: Msaga Sumu, Man Fongo, Sholo Mwamba, Dulla Makabila. Lakini nyuma ya mwimbaji yupo mtu ambaye jina lake halitangazwi, naye ni mtayarishaji, au prodyuza kama wasemavyo vijana. Huyo ndiye anayeketi mbele ya kompyuta kuunda mdundo ambao mwimbaji atapanda juu yake.

Upya wa Poaa uko hapo. Jina lililo juu ya jalada ni la prodyuza. Sauti ya mwimbaji Makaveli imo, lakini sehemu kubwa ya albamu haina mwimbaji kabisa. Ni mdundo mtupu, umesimama peke yake kudai usikilizwe.

Sasa tuzitazame hoja za wasikilizaji wa hapa kwetu Kilimanjaro, kwa sababu si hoja za kupuuzwa.

Lipo kundi la kwanza, na wengi wao ni wazee wetu, linalosema: hizi ni kelele. Zinakwenda mbio mno, hazimpi mtu nafasi ya kuvuta pumzi, sembuse kucheza. Kundi la pili linauliza: maneno yako wapi? Wimbo ni ujumbe, wanasema. Marijani Rajab alikuwa na ujumbe, Mbaraka Mwinshehe alikuwa na ujumbe. Huyu anatuambia nini? Kundi la tatu linasema huu ni muziki wa vigodoro na uhuni wa Dar es Salaam, si wetu sisi wa mlimani, na usitupande huku. Kundi la nne, ambalo ni la vijana, linajibu kwa neno moja tu: Wazungu wameukubali, kwa hiyo ninyi hamjui kitu.

Tuanze na hili la kelele. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Uingereza, vijana wa mitaa ya London, wengi wao watoto wa wahamiaji kutoka Jamaika, walichukua vipande vya ngoma kutoka katika santuri za zamani za Wamarekani Weusi. Wakavikimbiza, wakaweka chini yake besi nzito ya kutikisa kifua. Muziki huo ukaja kuitwa drum and bass, yaani ngoma na besi. Mapigo yake ni kama 170 hadi 175 kwa dakika. Ulipigwa katika redio zisizo na leseni, zilizofichwa kwenye maghorofa, na wakubwa wakasema ni kelele za wahuni. Mwaka 1995 prodyuza aitwaye Goldie akatoa albamu yake ya kwanza, Timeless, inayofunguliwa na kipande kimoja cha zaidi ya dakika 20. Mwaka 1997 Roni Size na wenzake wa kundi la Reprazent, kutoka Bristol, walipata tuzo ya Mercury kwa albamu yao ya kwanza, New Forms. Tuzo hiyo ni miongoni mwa zile zinazoheshimiwa sana Uingereza kwa albamu bora ya mwaka.

Sisemi kwamba kila kinachoitwa kelele leo kitapewa tuzo kesho. La hasha. Kelele nyingine ni kelele tu, na zitakufa zikiwa kelele. Ninachosema ni kwamba mbio peke yake si kosa. Sikio hujifunza. Anayesikiliza singeli kwa kufuata kila pigo ataumwa kichwa. Afuate kile kinachorudi kila baada ya mapigo machache, kile kinanda kinacholia kama filimbi na kujijibu chenyewe, naye ataona kwamba chini ya mbio zile upo mwendo wa taratibu ambao hata mzee anaweza kuutingishia kichwa.

Hili la maneno ni zito zaidi, kwa sababu ni kweli kwamba muziki wetu wa dansi uliishi kwa ujumbe. Lakini tujiulize: ngoma za mababu zetu zilikuwa na maneno mangapi? Mpigaji aliyeitisha watu shambani au kwenye msiba hakuhitaji beti. Na tarumbeta je?

Hapo kwenye tarumbeta tusimame kidogo, kwa maana jibu la kundi la tatu limo humo pia. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893. Katika mkondo wa kazi yao zikaja nyimbo za Kijerumani, na zikaja pia tarumbeta za shaba. Hakuna mtu mlimani aliyezaliwa akizijua. Leo hii msiba wa Machame au wa Marangu bila tarumbeta unaonekana umepungukiwa. Jumamosi ukisimama pembeni ya barabara hapa Moshi mjini utaona msafara wa harusi, na mbele yake gari la wazi limebeba vijana na matarumbeta yao, wakipuliza kwa nguvu zao zote. Hawaimbi neno hata moja. Nani ameuliza ujumbe uko wapi? Na nani amesema hii si yetu? Kitu kilichotoka Leipzig kimekuwa mali ya Mchagga, lakini kilichotoka Mburahati, kwa kijana anayezungumza Kiswahili hikihiki, tunakiita cha kigeni!

Kuhusu uhuni, tutenganishe mambo mawili. Spika zinazolia hadi saa tisa usiku karibu na nyumba yenye mgonjwa ni kosa, na ni kazi ya mwenyekiti wa mtaa. Zingelia kwaya lingekuwa kosa vilevile. Tukimhukumu prodyuza kwa sababu ya spika za jirani, tutakuwa tumemwacha mkosaji na kumfunga asiyekuwepo.

Sasa niwageukie vijana. Hoja yenu kwamba Wazungu wameukubali ndiyo dhaifu kuliko zote. Ni kweli kwamba Bamba Pana na Makaveli wamepanda majukwaa ya Ulaya, na ni jambo la kujivunia. Lakini kusifiwa ugenini si cheti. Mgeni anaweza kuusifu muziki kwa sababu ni mzuri, na anaweza kuusifu kwa sababu ni wa ajabu kwake. Wewe uliyezaliwa katika lugha hii ndiye unayejua kipande kile cha taarab kimetoka wapi, na utani ule unamlenga nani. Ukimwachia mgeni kazi ya kukuambia kilicho kizuri katika kazi ya ndugu yako, umeuza sikio lako.

Watu wa Moshi wana mfano wao wa jambo hili, nao ni kahawa. Makao makuu ya Bodi ya Kahawa yako mjini hapa, na wapo mabingwa wa kuonja. Mwonjaji hatoi daraja kwa kutazama rangi ya gunia, wala kwa kuuliza shamba ni la tajiri au la maskini. Hukaanga, husaga, humimina maji ya moto, huchota kwa kijiko, huonja, hutema, ndipo husema. Na mwenye kuonja ndiye anayejua thamani, kwa hiyo ndiye mwenye kauli juu ya bei. Sisi tuliolima zao hilo kwa vizazi, wengi wetu asubuhi hunywa chai. Kazi ya kuonja tumeiacha mikononi mwa wachache, na unywaji tumewaachia walio mbali. Naona dalili kwamba tunataka kuifanyia singeli vivyo hivyo: ilimwe Mburahati, inywewe Berlin, na sisi tubaki kubishania gunia.

Nimeionja albamu hii kwa kuisikiliza mwanzo hadi mwisho, na hukumu yangu ni hii. Ni kazi ya mtu anayejua anachofanya. Ana ujasiri wa kurudia kitu hadi kigeuke kuwa kitu kingine, na ana ucheshi. Kuna mahali mdundo unakufanya ucheke peke yako. Upungufu wake ni kwamba haipumziki, na mtu akiisikiliza yote kwa mfululizo hufika mahali sikio linachoka, asiweze kutofautisha kipande na kipande. Sauti ya Makaveli inapoingia unajikuta unashukuru, jambo linaloonyesha kwamba wale wanaodai maneno hawakukosea kabisa. Aidha, usiihukumu kwa spika ya simu. Simu hula besi yote na kukubakizia ule mlio mwembamba wa juu, kisha unasema ni kelele.

Lipo jambo moja la mwisho, ambalo katika ubishi wetu halitajwi kabisa, nalo ni malipo. Mwaka 1969 kundi moja la Marekani, The Winstons, lilirekodi wimbo uitwao Amen, Brother. Ndani yake mpiga ngoma Gregory Coleman alipiga peke yake kwa sekunde kama sita hivi. Sekunde hizo zimekatwa na kutumiwa katika maelfu ya nyimbo, na drum and bass kwa sehemu kubwa imejengwa juu yake. Coleman alifariki mwaka 2006 bila kupata senti kutokana na matumizi hayo. Mwaka 2015 wapenzi wa muziki huo walichangishana wakampa kiongozi wa kundi, Richard Spencer, paundi 24,000. Ilikuwa shukrani njema, lakini ilikuwa hisani. Haki yake haikulipwa.

Mfano huo unawakata pande zote mbili maprodyuza wetu. Unawaambia kwamba mdundo wao una thamani, wasiuache ukazurura duniani bila jina wala mkataba. Unawaambia pia kwamba kile kipande cha taarab walichokikata kilipigwa na mtu, na mtu huyo ana watoto. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu mwaka 1999. Lakini sheria haimtafuti mtu nyumbani kwake. Wakulima wa mlima huu walilijua hilo mapema. Walipoona walowezi wanawapinga wasilime kahawa, mwaka 1925 waliunda chama chao, na kutokana nacho mwaka 1933 kikazaliwa KNCU. Waliketi, wakajiandikisha, wakauza kwa sauti moja. Maprodyuza wa singeli nao hawana budi kufikiri hivyo, maana anayeuza peke yake huuza kwa bei ya mnunuzi.

Nasi wasikilizaji tunao wajibu wetu. Mzee, Desemba hii mjukuu akija na singeli yake, usimzimie. Mwambie: leta spika iliyo nzuri, keti hapa, nieleze. Nawe kijana, usimjibu babu kwamba Wazungu wamekubali. Mwonyeshe kinachorudi, mwonyeshe kile kinanda. Kisha, ikiwapendeza, inunueni, msiipitishe tu kwa simu. Isipowapendeza, semeni haikutupendeza, na mseme kwa nini. Hukumu ya namna hiyo haimwonei msanii hata ikiwa kali, kwa sababu imetolewa na mtu aliyeonja.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.