Pikipiki Iliyotumika na Matengenezo ya Gharama Nafuu

Mada iliyotolewa kwa wamiliki wapya wa pikipiki



Natambua kwamba kwa wengi mliopo hapa, saa moja ya kukaa kwenye kiti ni saa moja ya abiria waliopotea. Kwa hiyo nitayasema yale tu yanayohusu mfuko wenu na usalama wenu.

Malalamiko ya wanunuzi wa pikipiki zilizotumika yana sura moja. Mtu amedunduliza au amekopa, akanunua pikipiki kwa mwenye nayo wa awali. Wiki ya kwanza inamzimikia njiani. Anaifikisha kwa fundi, naye anasema injini ishushwe. Fedha inalipwa, na baada ya siku chache ugonjwa unarudi. Fundi wa pili anasema wa kwanza ndiye aliyeharibu, na injini inafunguliwa tena. Mwisho wa mwezi mmiliki ana deni la mkopo, deni la fundi, na chombo kisichotembea. Sehemu kubwa ya hasara hiyo inazuilika, na kinga yake huanza kabla ya spana kugusa nati.

Kijue chombo chako kwanza

Kabla ya kutia shilingi moja katika matengenezo, linganisha namba ya injini na namba ya chesisi na zile zilizoandikwa kwenye kadi. Kisha kamilisha uhamisho wa umiliki kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, ili kadi isomeke kwa jina lako. Mtu asijenge nyumba juu ya kiwanja ambacho si chake.

Baada ya hapo, yagawe mahitaji ya pikipiki katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni uhai: breki, tairi, taa, usukani, beringi za magurudumu na cheni. Fungu la pili ni yale yanayoilinda injini: oili, kichujio cha hewa na plagi. Fungu la tatu ni starehe na urembo: rangi, kiti, vioo vya mapambo, redio. Wamiliki wengi wapya huanzia fungu la tatu kwa kuwa ndilo linaloonekana na majirani. Aliye na fedha kidogo na aanze na la kwanza, maana breki mbovu haimsubiri mtu apate mkopo mwingine.

Jifunze pia kuzisoma dalili. Moshi wa bluu ni oili inayoungua ndani ya silinda; mara nyingi chanzo chake ni ringi za pistoni au sili za valvu zilizochakaa. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi hewa, na huenda kichujio cha hewa kimeziba au kabureta inahitaji kurekebishwa. Mvuke mwepesi mweupe wakati wa baridi ya asubuhi, unaotoweka injini ikipata moto, si ugonjwa. Fungua plagi uitazame: rangi ya kahawia au kijivu ni ya afya, masizi makavu meusi yanaelekeza kwenye petroli kuzidi, plagi iliyolowa oili inaelekeza ndani ya injini. Mambo haya hayakufanyi fundi, lakini yanakufanya mteja asiyeweza kuambiwa lolote.

Injini isifunguliwe kwa haraka

Pikipiki isiyowaka inahitaji majibu ya maswali matatu. Je, petroli inafika? Je, cheche ipo? Je, hewa inapita? Petroli yenye maji, kabureta yenye uchafu, plagi iliyochoka au waya uliolegea ni matatizo ya gharama ndogo, na yote huweza kuonekana kama kifo cha injini. Vivyo hivyo pikipiki iliyopoteza nguvu. Huenda breki inashika gurudumu muda wote, au waya wa klachi umekazwa mno hata klachi inateleza. Ukiiinua gurudumu la nyuma na kulizungusha kwa mkono ukiwa umetoa gia, utajua papo hapo kama breki inashika.

Basi fundi akisema injini ishushwe, muulize kwa adabu: umeona nini kilichokufikisha hapo? Mwombe apime mgandamizo wa silinda kwa kifaa chake. Kipimo hicho hufanyika kupitia tundu la plagi, bila kufungua injini. Fundi mwelewa hatachukizwa na swali hilo. Asiye na jibu, mshukuru na utafute maoni ya fundi wa pili.

Mapatano na fundi

Fundi mzuri hutambulika kwa wateja wanaorudi kwake. Waulize madereva wa kijiweni ni nani hutengeneza pikipiki za aina kama yako, maana anayeizoea aina moja huijua kwa sauti. Kisha mpatane kabla ya kazi, kwa kuzingatia mambo haya:

1. Kazi itajwe kwa jina. Usiseme, "Ukiona chochote kibovu tengeneza." Maneno hayo ni hundi isiyoandikwa kiasi.
2. Bei ya ufundi itenganishwe na bei ya vipuri.
3. Kila jambo la ziada liulizwe kwanza kwa simu kabla ya kufanywa.
4. Kipuri cha zamani urudishiwe, hata kama ni chakavu. Hicho ndicho ushahidi kwamba kipya kimefungwa.
5. Mpatane iwapo tatizo lile lile litarudi ndani ya siku kadhaa, fundi atalirekebisha bila malipo mapya ya ufundi.
6. Sehemu ya malipo ibaki hadi uiendeshe pikipiki na kuridhika.

Mapatano yaandikwe. Ujumbe mfupi wa simu unatosha: "Fundi, tumekubaliana cheni na sproketi zote mbili, ufundi kiasi fulani, kesho saa kumi." Akijibu "sawa", mnao waraka.

Hata hivyo, haki ina pande mbili. Fundi naye ana familia. Mteja anayeibana bei ya ufundi mpaka isibaki faida hujikuta amelipia kazi ya haraka, au amelipia faida hiyo kwa njia ya kipuri duni. Lipa ufundi kwa bei ya haki, na ubane fedha yako mahali pengine.

Vipuri: rahisi ipi, na ghali ipi?

Mahali hapo pengine ni dukani. Inapowezekana, nunua kipuri mwenyewe, ukiwa umebeba kile cha zamani mkononi ili ulinganishe umbo, meno na matundu. Dai risiti, bila risiti huna pa kuanzia ukirudi na lalamiko.

Tofautisheni vitu viwili. Kipuri cha mtengenezaji mwingine, kinachouzwa kwa jina lake mwenyewe, ni bidhaa halali, na huenda kikawa kizuri kwa bei nafuu. Bidhaa bandia ni ile iliyobandikwa alama ya biashara ya mwingine ili kukudanganya. Hiyo imekatazwa na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na muuzaji hawezi kujitetea kwa kusema ulijua bei ilikuwa ndogo. Tazama maandishi yaliyokosewa herufi, chapa iliyofifia, na bei iliyo chini mno kuliko ya maduka yote ya jirani.

Vipuri vilivyotumika vinafaa kwa madigadi, vifuniko vya pembeni na sehemu za kukanyagia. Havifai kwa breki, tairi, cheni wala beringi za gurudumu.

Tuangalie hesabu. Tuseme seti nafuu ya cheni na sproketi ni shilingi 20,000 na inadumu miezi 3, na seti imara ni shilingi 45,000 na inadumu miezi 12. Ufundi ni shilingi 5,000 kila mara. Kwa mwaka, mwenye seti nafuu atalipa mara 4, jumla shilingi 100,000. Mwenye seti imara atalipa shilingi 50,000. Bei zenu zitatofautiana, lakini njia ya kukokotoa ni hiyo hiyo: gawa gharama kwa miezi ya kutumika. Tena cheni mpya isifungwe juu ya sproketi zilizochakaa, kwani meno yaliyoliwa huila cheni mpya kabla ya wakati wake.

Neno moja kuhusu oili. Katika pikipiki nyingi ndogo, oili ile ile huhudumia injini, gia na klachi. Oili iliyotengenezwa kwa ajili ya magari pekee huweza kuifanya klachi iteleze. Nunua ya pikipiki, katika kopo lililofungwa kiwandani, na uimwage ile ya zamani kwa wakati. Hakuna matengenezo ya bei ndogo yanayozuia hasara kubwa kuliko hayo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Daftari na haki zako

Mali bila daftari huisha bila habari. Andika tarehe, kilometa, kazi, kipuri, bei na jina la fundi. Kama mita ya kilometa haifanyi kazi, andika wiki. Daftari hilo litakueleza ni kipuri gani kinachokufa mara kwa mara, na siku moja litakueleza kwamba pikipiki inakula zaidi ya inachozalisha. Siku hiyo, kuiuza kwa kumweleza mnunuzi ukweli ni busara kuliko kuishusha injini mara ya tatu.

Ukitendewa visivyo, rudi kwanza kwa fundi au muuzaji ukiwa na ujumbe wako, risiti na kipuri cha zamani. Usichukue vifaa vyake kwa nguvu, utageuka mkosaji. Msipoelewana, shirikisha uongozi wa serikali ya mtaa. Ikiwa ni udanganyifu wa kibiashara au bidhaa bandia, wasilisha lalamiko Tume ya Ushindani, kwani Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Kwa ubora usiokidhi viwango, mlango wa Shirika la Viwango Tanzania uko wazi.

Ndugu zangu, pikipiki hiyo ni ada ya mtoto, ni kodi ya chumba, na ni shingo ya abiria aliyekuamini. Leo mkifika nyumbani, kabla ya jambo lingine lolote, kagueni breki zenu.