Msingi Mmoja, Sura Nyingi

Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama



Nimearifiwa kuwa vyama vyetu kadhaa vya msingi vinakusudia kununua programu za simu za kuandikia mazao ya wanachama, kila chama na yake. Kabla hamjatia sahihi, nawaomba mzingatie habari ya Symbian.

Mwaka 1998 makampuni ya Psion, Nokia, Ericsson na Motorola, ingawa yalishindana sokoni, yalishirikiana kuunda kampuni ya Symbian mjini London. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mfumo endeshi, yaani programu ya msingi inayoiendesha simu. Ushirikiano huo ulizaa matunda: kwa miaka kadhaa mfumo huo uliongoza kwa wingi katika simu janja duniani.

Lakini washirika walipatana juu ya msingi, wasipatane juu ya sura, yaani yale ayaonayo mtumiaji kiooni na namna ya kuyaendesha. Nokia ilitumia S60, yenye kuendeshwa kwa vitufe. Sony Ericsson ilitumia UIQ, iliyoendeshwa hasa kwa kalamu juu ya kioo. Huko Japani, NTT DoCoMo ilitumia MOAP. Programu iliyoandikwa kwa sura moja haikufaa kwa nyingine mpaka irekebishwe, na gharama ikawa maradufu.

Tena, kwetu mwanachama mmoja ana kura moja. Kule nguvu ilifuata hisa. Motorola iliuza hisa zake mwaka 2003, Psion mwaka 2004, na za Nokia zikafikia asilimia 47.9. Mwaka 2008 Nokia ilizinunua zote, na ndipo ulipotangazwa mpango wa kuziunganisha sura hizo tatu. Muda ulikuwa umepita: iPhone ilikwisha kutoka mwaka 2007, na simu ya kwanza ya Android ilitoka mwaka huo huo wa 2008. Mwaka 2011 Nokia yenyewe iliamua kuhamia Windows Phone.

Ndugu zangu, sipingi simu. Ninaloomba ni kwamba tupatane kwanza juu ya mpangilio mmoja wa daftari na stakabadhi: namba ya mwanachama, tarehe, uzito, daraja la mazao na malipo. Chama kikibadili programu, hesabu za mkulima zisipotee. Basi kila katibu na alete nakala ya stakabadhi yake katika mkutano ujao wa Chama Kikuu, tuzilinganishe.