Kasavuli Arudi Mezani

Uwe Katwe, Kibuli au Nakulabye, au umekwama ndani ya teksi pale Wandegeya, karibu kwenye kipindi cha historia. Leo tunavuka mpaka wa Busia, twende Nairobi, kisha turudi nyumbani Kampala. Najua wapo watakaouliza Nairobi inatuhusu nini. Subirini kidogo.

Mwisho wa mwaka 2022 televisheni ilifiwa mara mbili kwa siku mbili mfululizo. Tarehe 29 Desemba, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, alifariki Catherine Kasavuli akiwa na umri wa miaka 60. Kesho yake Marekani ikatangaza kifo cha Barbara Walters, bibi wa miaka 93, aliyeingia ABC mwaka 1976 na kuwa mwanamke wa kwanza nchini kwake kuwa msomaji mwenza wa taarifa ya habari ya jioni ya shirika kubwa, kwa mshahara wa dola milioni moja kwa mwaka. Walters alikuja kuzungumzwa kila kona ya dunia. Kasavuli alililiwa huku kwetu, na mimi leo nashughulika na wa kwetu.

Kasavuli alizaliwa Machi 1962. Mwaka 1980, akiwa na miaka 18, aliajiriwa na Sauti ya Kenya, shirika la utangazaji la serikali ambalo baadaye likaitwa KBC. Hakuanza na habari. Alianza kama mtangazaji wa kuunganisha vipindi, kazi ambayo vijana wa leo hawaijui. Huyu ndiye aliyekuwa akikwambia kipindi kilichokwisha ni kipi na kinachofuata ni kipi. Mitambo ikigoma, yeye ndiye wa kuomba radhi. Hapo ndipo mtu alipofundwa: sekunde 40 zimebaki, huna cha kusoma, injinia anakupungia mkono nyuma ya kioo kwamba kanda haijawa tayari, nawe uendelee kuongea kwa utulivu kama vile ndivyo ilivyopangwa. Aliyepita katika tanuri hilo hababaishwi na kamera. Katikati ya miaka ya 1980 akahamia kusoma habari kwenye televisheni.

Kisha ukaja mwaka 1990. Mwezi Machi mwaka huo ilianzishwa KTN, kituo cha televisheni cha kwanza cha binafsi nchini Kenya. Sisi hapa Kampala wakati huo tulikuwa na UTV peke yake, iliyoanza mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya uhuru, na wengi tulikuwa tunaifuata kwa jirani mwenye seti. KTN ikamchukua Kasavuli, na huko ndiko alikopata sifa anayotajwa nayo hadi leo, ya kuwa mwanamke wa kwanza Kenya kusoma taarifa ya habari mubashara.

Tuangalie hilo lilitokea wapi. Studio za mwanzo za KTN zilikuwa Nyayo House, katikati ya jiji, ghorofa za juu. Chini kabisa ya jengo hilohilo kulikuwa na vyumba ambamo wapinzani wa serikali ya Rais Moi waliteswa miaka ya 1980, vyumba ambavyo baada ya mwaka 2002 umma uliruhusiwa kuviona. Kwa hiyo habari zilisomwa juu, na chini yake kulikuwa na mambo ambayo hakuna aliyethubutu kuyasoma. Miezi minne tu baada ya KTN kuanza, Julai 1990, Nairobi ikawaka katika ghasia za Saba Saba, watu wakidai vyama vingi. Desemba 1991 kifungu cha katiba kilichoruhusu chama kimoja peke yake kikafutwa. Katika hali hiyo, kusoma mubashara si suala la sauti nzuri na nywele zilizotengenezwa. Neno likishatoka halirudi, hakuna mhariri wa kulikata, na asubuhi anayeitwa kujieleza ni yule ambaye uso wake ulionekana.

Mimi, kwa maoni yangu, siipi uzito mkubwa sana hiyo sifa ya kuwa wa kwanza. Mtu anaweza kuwa wa kwanza kwa sababu alizaliwa mwaka fulani na mlango ukafunguliwa siku aliyokuwa amesimama pale. Ninachokipa uzito ni kudumu. Alikaa KTN miaka mingi, hadi karibu kizazi kizima cha wasomaji habari wa Kenya kikawa kimepita mbele yake. Kisha akaenda Royal Media Services, wenye kituo cha Citizen, ambako alipewa pia usimamizi wa mahusiano ya kampuni. Baadaye akaondoka kwenye skrini, na watu wakadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Mwaka 2021 KBC ilijipaka rangi upya, na katika kujipamba huko ikawarudisha wakongwe wake mezani. Kipindi kiliitwa Legends Edition. Walikuwemo Badi Muhsin, mwana wa pwani na bingwa wa habari za Kiswahili, na Fayaz Qureshi. Na alikuwemo Kasavuli, miaka 59, akirudi kwenye shirika lilelile alikoanza akiwa na miaka 18.

Hapa nitachokoza kidogo. Heshima ile ilikuwa na pembe mbili. Ukimwita mtu gwiji na kumtengea taarifa yake ya mwisho wa juma, umemheshimu, ndiyo, lakini pia umemweka pembeni kidogo, mbali na meza ya kila siku. Mwanamume mwenye mvi akisoma habari tunasema ana busara. Mwanamke mwenye umri huohuo tunahitaji kipindi maalumu cha kumkumbuka. Wala si ugonjwa wetu peke yetu. Kule Kansas City, mwaka 1981, mtangazaji Christine Craft alishushwa cheo baada ya kuambiwa kwamba watazamaji wanamwona amezeeka, hapendezi, na hawanyenyekei wanaume. Alikuwa katikati ya miaka ya thelathini. Alishtaki, wazee wa baraza wakampa haki mwaka 1983, lakini mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu.

Ndiyo maana naiona ile miezi ya mwisho ya Kasavuli kuwa kubwa kuliko mwaka 1990. Mwaka 1990 alikuwa kijana na kituo kilikuwa kipya. Kila kitu kilimsukuma mbele. Mwaka 2021 hakuna kilichomlazimisha. Alikaa mbele ya taa kali, na uso wa mtu wa karibu miaka 60, akasoma kwa mwendo uleule wa taratibu, bila kukimbilia mwisho wa sentensi. Watazamaji waliokua na sauti yake wakaijaza mitandao kwa salamu. Kisha mwaka 2022 saratani ya shingo ya kizazi ikampeleka hospitali, na kabla ya mwaka kwisha akaondoka.

Sasa turudi Kampala. Kasavuli tunaweza kumsimulia kwa sababu vituo alivyofanyia kazi vilidumu na watazamaji wake wapo hai. Dada zetu wa UTV pale Nakasero hawakupata bahati hiyo. Mkanda wa video ulikuwa ghali; hata BBC ilikuwa ikizifuta kanda zake na kurekodi vipindi vingine juu yake. Ongeza vita: mji ulioingiwa na majeshi mwaka 1979, ukaingiwa tena mwaka 1986, na redio na televisheni huwa za kwanza kutekwa. Picha za mnato zilipona zaidi. Mwaka 2015 ziligunduliwa katika UBC, shirika la utangazaji lililorithi UTV, negativu zipatazo elfu 70 za wapiga picha wa serikali, nyingi za enzi za Amin, na mwaka 2019 baadhi yake zikaonyeshwa Jumba la Makumbusho la Uganda. Watu walikwenda wakatafuta nyuso za jamaa zao ukutani. Lakini picha haina sauti, na msomaji habari bila sauti ni mtu ameketi tu mezani.

Niliwaomba msubiri nieleze inavyotuhusu. NTV Uganda, iliyoanza mwishoni mwa 2006, ni ya Nation Media Group ya Nairobi. Humo walipita Nancy Kacungira na Joy Doreen Biira, na wote wawili wakaenda kusoma habari KTN, kituo kilekile cha Kasavuli. Kacungira mwaka 2015 akawa wa kwanza kushinda tuzo ya Komla Dumor ya BBC. Biira, Novemba 2016, akiwa nyumbani Kasese kwa shughuli za kifamilia, alikamatwa baada ya kusambaza picha za kasri la mfalme wa Rwenzururu likiungua. Alifunguliwa mashtaka, na mwaka uliofuata yakaondolewa. Barabara ya Kampala na Nairobi haipitishi matrela ya mafuta peke yake.

Na hapa hapa mjini, kule Kisaasi, iko Mama FM, redio ya chama cha wanahabari wanawake wa Uganda, UMWA, kilichoundwa mwaka 1983, wakati ambapo kuunda chama chochote Kampala kulihitaji moyo.

Msikilizaji, nina ombi. Kama mama yako, shangazi yako au jirani yako alisoma habari UTV miaka ya sitini, sabini au themanini, na bado anazo karatasi za taarifa, picha ya studio au kanda, usizitupe na usizifungie maandazi. Tupigie. Afadhali zaidi, mlete mwenyewe hapa studio, tumwekee kiti na kipaza sauti. Laini ziko wazi kuanzia sasa.