Nidhamu ya Darasa la Drama Haihitaji Kiboko
Hotuba kwa wazazi na walimu wa drama, Kisumu



Darasa la drama lina kelele, na mpita njia akisikia mayowe hudhani mwalimu ameshindwa. Lakini mwanafunzi anayeketi kimya kipindi kizima cha drama hajajifunza kuigiza. Kipimo cha nidhamu hapa ni kimoja: mwalimu akitoa ishara, je, wanafunzi wanasimama na kusikiliza?

Tangu Januari 2026, Gredi ya 10 imeanza katika sekondari pevu, na somo la drama na filamu limo katika mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Drama si shughuli ya msimu wa tamasha tu. Ni somo, na mtoto anayefukuzwa darasani kila wiki anapoteza somo lake.

Kiboko nacho hakina nafasi. Adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku mwaka 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi na pia kumtesa kiakili. Anayeivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili.

Basi mwalimu afanye nini? Tuchukue hadithi ya Lwanda Magere, inayojulikana kila boma la Kano. Wavulana wote watataka mkuki. Mwalimu apange kabla ya kuanza: viti vikae ukutani, mikuki iwe ya mikono mitupu, na hatua za vita zifanywe polepole kwa kuhesabu. Ishara ya kusimama, kama pigo moja la ngoma, ifanyiwe mazoezi siku ya kwanza.

Darasa likiwa kubwa, ligawanywe katika makundi ya watano au sita, kila kundi likiwa na dakika chache na kazi inayoeleweka. Wanaotazama nao wapewe kazi: waeleze ni wapi waliamini hadithi na kwa nini. Asiye na kazi ndiye huanza fujo. Yule mtundu aweza kupewa ngoma yenyewe. Mara nyingi akikabidhiwa jukumu hutulia.

Kejeli isiachwe ipite. Aliyeigiza msaliti asiitwe msaliti uwanjani. Kabla ya kengele, kila mmoja aseme jina lake halisi na kuacha uhusika darasani. Anayerudia kosa aitwe kando, asiaibishwe mbele ya wenzake.

Wazazi, msiwaambie walimu, “Mchape tu.” Muulizeni mtoto leo ameigiza nani, na amejifunza nini. Mtoto akidhulumiwa, nambari 116 hupigwa bila malipo.