Simba wa Sekei: Mwigo wa Dhihaka na Uhai wa Utenzi



Wimbo wa kumtambulisha shujaa wa katuni una kanuni chache: jina hurudiwarudiwa, nguvu husifiwa, adui hutishwa. Ule wa Batman wa mwaka 1966 karibu hauna neno jingine ila jina lenyewe. Na watoto wa Marekani hawakukawia kumtia jabari huyo katika wimbo wa Krismasi, wakaimba kwamba ananuka. Kwetu Tanzania Bara televisheni ilianza mwaka 1994, hivyo wanaozililia nyimbo za namna hiyo ni wadogo zetu na wana wetu. Sisi wa rika langu tulikuwa na Fumo Liongo.

Muhamadi Kijumwa wa Lamu alimtungia Liongo utenzi mwaka 1913. Hebu tuutazame kwa jicho la mtani. Shujaa hadhuriki kwa silaha yoyote, isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Mama humpelekea gerezani tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa. Kelele za ngoma hufunika mlio wa minyororo ikikatwa. Hatimaye hufa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, na mji mzima hukosa maji kwa kumwogopa maiti. Atakaye kuuiga kwa mauzauza ana kazi: asili imekwisha kumtangulia.

Hata hivyo nimejaribu, kwa ajili ya mtaa huu tulio nao chini ya mlima:

Ndiye simba wa Sekei,
nchi kavu hatembei,
ukungu aupa bei,
Meru kwake ni kofia.

Mlima wa zaidi ya mita 4,500 umekuwa kofia, na ukungu umepangiwa bei kama ndizi sokoni. Maana imevurugika, lakini sarufi haikuguswa. Kiambishi *-u-* katika *aupa* kinapatana na *ukungu*; mizani ni 8 katika kila mshororo; vina vitatu vimelingana, na kituo ni *-a*. Mngesikia *ukungu aipa bei*, msingecheka, mngenisahihisha. Hapo ndipo penye hoja yangu. Chomsky alitumia sentensi isiyo na maana mwaka 1957 ili kutenga sarufi na maana. Mtoto anayepotosha wimbo hufanya jaribio hilo hilo, tena bila ruzuku ya utafiti.

Kwa hiyo siafikiani na walimu wanaoufuta mwigo wa namna hii kwa wino mwekundu na kuuita upuuzi. Mwanafunzi hawezi kuudhihaki utenzi asioujua. Kinachonitia hofu ni darasa linalokariri tarifa ya mizani kwa ajili ya mtihani, wala halina hata mmoja awezaye kuichezea.

Ubeti wa pili nauacha kwenu. Vina vitatu vya mwanzo chagueni wenyewe. Kituo kibaki *-a*, na simba wetu asipewe nauli.