Zege Bila Saruji: Taka ya Nani, na kwa Muda Gani?



Kilo 100 za mawe ya chokaa zikiiva tanurini hubaki kilo 56. Kilo 44 zilizopungua ni kaboni dayoksaidi, nayo imeshakwenda zake angani. Ndiyo maana tanuri la saruji hata likiwashwa kwa umeme wa jua halitakasiki: zaidi ya nusu ya hewa ukaa yake hutoka ndani ya jiwe lenyewe, wala si kwenye moto. Dunia hutengeneza takriban tani bilioni 4 za saruji kila mwaka.

Je, zege laweza kushika bila saruji? Laweza, tena tangu zamani. Katika miaka ya 1950, mjini Kiev, mhandisi Viktor Glukhovsky alionyesha kwamba slagi, yaani mavi ya chuma, ikipozwa ghafla kwa maji na kusagwa laini, hugeuka gundi ya mawe pindi inapokutana na alikali. Hakusukumwa na tabianchi. Nchi yake ilikuwa na uhaba wa saruji. Mariupol ilijengwa nyumba za ghorofa kwa zege hilo katika miaka ya 1960. Huko Australia, uwanja wa ndege wa Wellcamp, karibu na Toowoomba, uliofunguliwa mwaka 2014, ulimwagwa mita za ujazo zipatazo 40,000 za zege la slagi na jivu la makaa ya mawe.

Alikali yenyewe ni kostiki soda na silikati ya sodiamu, vitu ambavyo watengeneza sabuni wetu wanavifahamu vyema. Huyeyusha chembe za slagi, ambazo ni kioo. Silika na alumina zilizomo huachiana, kisha hushikana upya kwa mpangilio mwingine. Ukiupasua mchemraba wa zege hili ungali mchanga, ndani utakuta rangi ya kijani iliyoingia buluu. Wanafunzi huingiwa na hofu kwamba wameharibu mchanganyiko. Hawajaharibu kitu: ni salfa iliyotoka na slagi tanurini, na rangi hiyo hupauka ikikaa hewani. Tatizo hasa ni kwamba slagi huwahi kuganda, na fundi aliyezoea kulegeza zege kwa ndoo ya maji akifanya hivyo hapa anaiua nguvu yake.

Sasa niseme lisilopendeza. Sehemu kubwa ya slagi nzuri duniani tayari ina mnunuzi, kwa kuwa viwanda vya saruji huichanganya na klinka, yaani mawe yaliyoiva tanurini ambayo husagwa kuwa saruji. Tani utakayoitoa huko, mwenzako ataifidia kwa kuchoma klinka zaidi, na angani hapatakuwa na nafuu yoyote. Jivu la makaa ya mawe nalo linapungua: Uingereza ilifunga kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa, Ratcliffe-on-Soar, Septemba 2024. Juu ya hayo, silikati ya sodiamu hupatikana kwa kuyeyusha mchanga na magadi kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000, kwa hiyo sehemu ya kaboni tuliyoikwepa inatungojea humo. Wauzaji wa zege hili hawapendi kulizungumza hilo.

Kwetu Afrika Mashariki, kuiga Toowoomba kungekuwa kuagiza taka za watu kwa meli. Tulicho nacho ni kingine. Kuna magadi ya Ziwa Magadi, ya kutengenezea alikali. Kuna kaolini ya Pugu, udongo unaoweza kushika nafasi ya slagi: huiva kwa nyuzi kama 750, na kinachotoka humo ni mvuke wa maji, si kaboni. Na kuna pumba za mpunga, Mbeya, Morogoro na Mwea, ambazo wenye vinu hawajui wazipeleke wapi. Jivu la pumba lililochomwa vizuri huweza kuwa na silika hadi asilimia 90, nayo huyeyuka katika kostiki ya moto kwenye chungu cha chuma, si sufuria ya alumini. Hapo silikati imepatikana bila tanuri la kuyeyushia mchanga.

Nimesema lililochomwa vizuri. Lundo linaloungua lenyewe nyuma ya kinu halifai: upande mmoja hubaki mweusi kwa kaboni, na katikati, joto likizidi sana, silika hugeuka fuwele isiyoyeyuka kwa urahisi. Panahitajika tanuri dogo, kinuni hapo hapo, linaloweza kushikilia nyuzi 600 kwa saa kadhaa. Wahandisi vijana mlioko humu ukumbini, michoro yake nitaipokea ofisini kwangu kuanzia Jumatatu.