Maradhi ya Nafsi kwa Watoto na Vijana



Mtoto akishikwa na homa, nyumba nzima hukesha. Mtoto yule yule akiwa hali, halali, hataki kucheza na wenziwe, na masomo yamempotea, aghalabu huambiwa ni mvivu, akizidi hupigwa. Wengine husema amepagawa, wakamfungia ndani ili jirani wasijue.

Hali hii si nadra kama idhaniwavyo. Shirika la Afya Ulimwenguni lahesabu kuwa katika kila vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana maradhi ya akili. Basi madrasa yenye vijana 70 wa umri huo yaweza kuwa na 10 walio hivyo, na pengine mwalimu amjua mmoja tu, yule mwenye fujo. Wanyamavu husifiwa kwa adabu yao. Yaliyo mengi katika maradhi haya ni hofu isiyokwisha na huzuni nzito. Wazimu wa kuokota makopo, ambao ndio watu huufikiria kwanza, ni mchache mno kwa watoto. Na theluthi moja ya maradhi ya akili huanza kabla ya miaka 14.

Wala jambo hili si uzushi wa Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi. Humo alieleza hasira, hofu, huzuni na wasiwasi, na namna ya kuyatibu, akawalaumu matabibu walioutazama mwili peke yake.

Hapa Uganda, hospitali ya Butabika mjini Kampala ipo tangu mwaka 1955, na watoto pia hutibiwa huko. Bahati mbaya jina lake limekuwa la kutukania, na mama huona heri mwanawe aumie nyumbani kuliko aonekane langoni pale. Kumsomea mtoto dua ni jambo jema, lakini dua haimkatazi mtu kwenda kwa daktari.

Na mtoto akitamka kuwa afadhali afe, asikemewe. Na aulizwe waziwazi kama akusudia kujidhuru; kumwuliza hakumtii fikira hiyo. Dawa za kuulia wadudu ziondolewe nyumbani, mtu mzima asibanduke naye, na apelekwe hospitali upesi, hata ikiwa ni usiku.